Mpangaji Aliyeahidi Kutofia Nyumbani Mwangu

Nilimuuliza umri kabla sijamwonyesha chumba. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, maji ya mvua yakimchuruzika kutoka kwenye kofia. Mmarekani mrefu mwenye mvi, begi mgongoni kama mwanafunzi.

"Sitini na tatu," akasema.

"Basi chumba kimeshapata mtu."

"Dakika mbili zilizopita kwenye simu kilikuwa kitupu, Mama Bosi."

Aliongea lugha yetu ya sokoni, siyo ile ya shuleni, tena kwa lafudhi ya wauza samaki. Nikajua huyu hakushuka kwenye ndege jana.

Mimi ni Chiu. Nilianza na karai moja la kukaangia madonge ya samaki pale bandarini Keelung, nikiwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi mitano. Nyumba yangu ya kwanza niliipata kwa theluthi mbili ya bei yake, kwa sababu bibi mmoja mpangaji alianguka bafuni humo akakaa siku sita bila mtu kujua. Hakujiua wala hakuuawa. Sheria yetu inamtaka muuzaji atangaze vifo vya namna hiyo tu. Lakini mnunuzi hasomi sheria, anamsikiliza jirani. Kwa hiyo nikisema najua kifo kimoja kina bei gani, ni kwa sababu niliwahi kukinunua.

Ndiyo maana hapa mjini mzee anayeishi peke yake hapangishwi chumba. Mmarekani yule alikuwa ameshakataliwa na wenye nyumba kumi na mmoja. Aliniambia mwenyewe, bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei za soko la jana.

"Una ugonjwa gani?" nikamuuliza.

"Wa kuwa mzee."

"Watoto?"

"Binti mmoja, Ohio. Tunatumiana kadi kila Krismasi."

"Anatuma?"

"Mimi ndiye natuma."

Nikataka kufunga mlango. Akaweka kiganja kwenye fremu, polepole, asionekane analazimisha. "Nipe chumba. Nitafia kwingine. Andika kwenye mkataba."

Nilicheka. Kisha nikaona hacheki, nikaenda kuchukua karatasi. Kifungu cha saba niliandika kwa mkono wangu: mpangaji hatafia ndani ya jengo hili, akizidiwa, atatoka kabla. Shahidi alikuwa A-kim, mjane anayeuza chapati za mayai na maziwa ya soya kwenye chumba changu cha chini.

A-kim aliisoma karatasi mara mbili. "Na akivunja kifungu, Dada Chiu, utamshtaki nani?"

"Tia saini, usiniletee mikosi."

Mmarekani naye hakutia saini bure. Alisema sharti hilo wapangaji wengine hawalibebi, basi apunguziwe dola elfu moja za kwetu kwa mwezi. Nilibisha, akainua macho kwenye dari yangu yenye ukungu, nami nikampunguzia. Mtu anayejua kukiuza kifo chake nilimwona anaweza kuwa mpangaji mzuri.

Jina lake lilikuwa Lyle Hostetler. Hakuna aliyeliweza, tukamwita Mwalimu, maana alikuwa amefundisha watoto Kiingereza miaka ishirini, mpaka shule zilipoanza kutaka sura za vijana kwenye mabango yao. Alipokuja kwangu alikuwa akirekebisha barua za mawakala wa meli, siku tatu kwa wiki. Alikaa ghorofa ya nne na kitanda, feni, jiko la gesi la moto mmoja na mashine ya kukausha hewa. Mashine hiyo Keelung ni muhimu kuliko jokofu. Asiyekuwa nayo huvaa nguo zenye harufu ya uyoga mwaka mzima.

Tulikuwa na utaratibu. Viatu hukaa kwenye rafu nje ya mlango, kwa hiyo mimi nilimsoma kwa viatu. Ndala zipo na viatu vya mlimani havipo, kasafiri. Viatu vya mlimani vipo na ndala hazipo, yuko ndani. Saa mbili asubuhi lazima awe kwa A-kim anakula. Ikifika saa mbili na robo hajashuka, nilipanda ngazi nikagonga.

"Niko hai, Mama Bosi," alikuwa akisema kutoka ndani.

"Fungua nikuone."

Alifungua, na povu la sabuni kwenye kidevu. "Unataka nikupe na stakabadhi?"

Jioni lori la takataka likipita na wimbo wake, alisimama na mfuko wake pamoja na akina mama wa mtaani, akijua nani kagombana na mkwewe. Nilimkuta siku moja akimweleza mama wa duka la nyavu jinsi ya kuondoa kutu kwenye mkasi. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Ukimwondolea urefu na pua, ungempata yeyote wa mtaa ule.

Ila Jumamosi. Jumamosi alikuwa haishi pale. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alishuka na begi lake, akapanda treni, na hakurudi hadi Jumapili jioni. Alikwenda kwenye vituo ambavyo mimi, niliyezaliwa hapa, sikuwahi kuvishukia: vijiji vya migodi iliyofungwa, maporomoko, fukwe za mchanga mweusi. Alilala kwenye nyumba za wageni za bei rahisi au kwenye vyumba vya mahekalu. Kila stesheni yetu ina muhuri wake wa mpira mezani, wenye picha ya mahali, na abiria hujigongea bure. Yeye alikuwa na daftari zima la mihuri, na Jumatatu asubuhi alimwonyesha A-kim huku akitafuna chapati.

"Unasafiri siku mbili kwa ajili ya wino?" A-kim alimwambia. "Njoo nikugongee muhuri wa mafuta hapa, nauli upeleke kwa kinyozi."

"Wako hauna picha."

"Nitakaa mimi mwenyewe juu yake."

Nilisafiri naye mara moja tu, na nilienda kwa sababu ya ngisi. Alisema kuna bibi karibu na stesheni fulani ya pwani ya mashariki anauza ngisi wakavu kwa nusu ya bei ya mjini. Nikachukua mifuko mitatu. Tulipofika, Mwalimu alimuuliza bibi bei na akalipa hapohapo, papo kwa papo, mbele yangu. Niliona aibu. Nikamsogeza pembeni nikaanza upya: nikawasifia ngisi, nikawasema vibaya, nikaondoka hatua kumi, nikarudi. Niliwapata kwa bei ambayo bibi alisema itamuua.

Kwenye jukwaa la stesheni, tukisubiri treni ya kurudi, Mwalimu alifungua boksi la wali na nyama ya mbavu akanipa vijiti vyake vya kulia vya akiba. "Umemwacha na faida ya sabuni tu," akasema.

"Amefurahi. Hujaona alivyokuwa akinitukana?"

Akala kidogo. Nikamuuliza kitu nilichokuwa nikijiuliza siku nyingi: kwa nini kila wiki, hata mvua, hata homa?

"Siku mbili kwa wiki hakuna mtu anayepanda ngazi kuja kuangalia kama nimekufa."

"Ni kifungu," nikamwambia.

"Najua. Nilitia saini." Akanisogezea yai la boksi lake, maana alijua silikatai.

Mwaka wa nne, baada ya Mwaka Mpya wetu, niliona kamba za viatu vya mlimani zimelegezwa mpaka mwisho. Wiki iliyofuata zilikuwa zimetolewa kabisa. Miguu ilikuwa imevimba. Kwenye ngazi alipumzika kila ghorofa, akijifanya anasoma matangazo ya mafundi bomba yaliyobandikwa ukutani. Sikusema kitu. Nilikuwa na sababu: nilikuwa nimepata mnunuzi wa jengo. Bwana Tuan, mfanyabiashara wa Taoyuan, alikuwa ametaja bei ambayo sikuwahi kuisikia kwenye mtaa wetu wa ngazi, na alikuwa anakuja Jumatatu mchana kuliona kwa mara ya mwisho na kutia saini. Karai langu moja, mgongo wangu, miaka hamsini, vyote vilikuwa ndani ya saini hiyo.

Jumatano kabla ya Jumatatu hiyo Mwalimu alilazwa. Ijumaa mchana nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, mfuko wa dawa magotini.

"Wamekuruhusu?"

"Wameniambia nirudi nyumbani nikapumzike."

Hayo maneno kwetu hayahitaji mkalimani. Madaktari wakishamaliza walichonacho, humrudisha mgonjwa ili akate roho kwenye nyumba yake, kwenye chumba chake, miongoni mwa watu wake. Anayefia nje, hata maiti yake hairuhusiwi kuvuka kizingiti. Mimi mume wangu nilimrudisha kwa gari la wagonjwa, muuguzi akimbonyezea hewa mpaka tulipomlaza sebuleni. Mwalimu alikuwa ameishi hapa miaka ishirini na sita. Alielewa walichomwambia kama nilivyoelewa mimi.

"Moyo?" nikauliza.

"Moyo. Siku kadhaa, wanasema. Labda wiki mbili."

Nikakaa ngazi moja chini yake. Mvua ilikuwa ikipiga bati la jirani. Nilikuwa nikifikiria Jumatatu, na yeye alijua ninachofikiria, maana A-kim hafungi mdomo.

"Mnunuzi anakuja Jumatatu," nikasema.

"Nimesikia. Bei nzuri."

"Kuna nyumba ya wazee kule Badu. Nitalipa mimi mwezi wa kwanza."

"Naijua. Nilimtembelea mtu pale. Vitanda vinane chumba kimoja, na televisheni haizimwi." Akavuta pumzi, ikachukua muda. "Mama Bosi, nikiomba wiki mbili juu pale, mlango umefungwa, bila mtu kujua. Utachukua ngapi?"

Hilo ndilo lilikuwa ombi lake. Alilifanya kuwa biashara ili nisione haya, na ili yeye asione haya. Nimefanya biashara tangu nina miaka kumi na tisa, na sikuwahi kukosa bei ya kumtajia mtu. Siku ile nilihesabu kichwani: A-kim atajua, A-kim akijua mtaa unajua, na jirani mmoja akifungua mdomo mbele ya Tuan, theluthi nzima ya bei inaondoka. Niliyanunua mambo hayohayo kwa mwingine. Sikutaka ifike zamu yangu ya kuyauza.

"Mwalimu," nikasema, "kifungu cha saba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetaja bei akijua itakataliwa. Kisha akacheka kidogo. "Kesho si Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Basi. Jumamosi mimi huwa sipo."

Asubuhi nilikuwa kwa A-kim mapema kuliko kawaida. Sitasema nilikwenda kwa nini. Alishuka saa moja kasoro. Uso ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Alikuwa amevaa viatu vya mlimani bila kamba na begi mgongoni, lakini fimbo yake ya kutembelea hakuwa nayo, na chupa ya maji iliyokuwa ikining'inia pembeni ya begi haikuwepo. Mtu anayekwenda mlimani na kurudi haachi chupa.

A-kim aliacha mwiko juu ya sahani ya chuma. "Mzee, utakwenda wapi na hali hiyo? Kaa unywe maziwa ya moto."

"Nikirudi," akasema.

A-kim akanigeukia mimi. Aliniangalia vizuri, kwa sababu sauti yangu peke yake ndiyo ingemrudisha ngazini. Mimi nilikuwa mwenye nyumba. Neno moja lingetosha, na hata kifungu kilikuwa changu kukifuta.

"Umechukua mwavuli?" nikamuuliza.

"Nimechukua, Mama Bosi."

Akashuka ngazi za mtaani ameshika reli, hatua moja, kituo, hatua moja. Chapati ya A-kim iliungua.

Polisi walinipigia saa tisa alasiri. Kundi la akina mama wapanda milima walimkuta kwenye benchi la stesheni ya Sandiaoling, ile iliyobanwa kati ya mlima na mto, isiyo na hata barabara. Walidhani amelala. Daftari lilikuwa mapajani, na ukurasa wa kwanza namba yangu, imeandikwa kwa herufi zetu: mwenye nyumba. Muhuri wa siku ile alikuwa ameugonga. Wino haukushika upande mmoja.

Binti yake alipatikana kwa simu. Alisema achomwe, majivu yawekwe mahali panapofaa, na akauliza kama kuna kitu kidogo kinachoweza kutumwa kwa posta. Hakulia, au alilia baada ya kukata. Si kazi yangu kujua.

Lakini aliyefia nje lazima aitwe, la sivyo atabaki palepale. Nikamchukua Bwana Lü, mtu wa mazishi, na Jumatatu asubuhi tukashuka Sandiaoling na ubani, kengele ya mkono na sarafu mbili. Tulisimama mbele ya benchi. Watalii wawili wakasogea mbali.

"Jina lake nimeliandika," Bwana Lü akasema. "Nimwite arudi wapi? Taja anwani."

Sikuwa nimefikiria hilo. Unamwita marehemu akufuate: hapa kuna daraja, vuka, hapa kuna handaki, usiogope, tumefika, ingia. Ingia wapi? Anwani aliyokuwa nayo duniani ilikuwa moja, ghorofa ya nne, ngazi za nyuma ya hekalu. Na saa nane Tuan alikuwa anakuja.

"Jengo la majivu," nikasema. "Lile la mlimani."

"Hajawahi kuishi kule."

"Wewe mwite kule."

Akagonga kengele, akaita, akarusha sarafu chini. Moja ikilala sura juu na nyingine sura chini, marehemu amekubali. Zote mbili zililala sura chini. Akarusha tena. Sura juu, zote mbili.

"Anacheka," Bwana Lü akasema. "Anaona umemletea bei mbaya. Ongeza kitu."

Nikamwahidi Mwalimu mashine ya karatasi ya kukausha hewa, ichomwe aipate huko aliko. Nikamwahidi treni ya karatasi na tiketi za mwaka mzima. Sarafu zikakataa. Mara ya tano, mara ya sita. Nilijua anachotaka, na nilikuwa mtu pekee pale mwenye uwezo wa kukitoa. Sikukitoa. Bwana Lü aliangalia saa. Alikuwa na msiba mwingine saa tano. Mara ya saba alirusha, na sarafu moja ikiwa bado inazunguka sakafuni akaiokota.

"Amekubali," akasema.

"Haikuwa imelala."

"Dada, amekubali. Twende, treni hiyo."

Njia nzima alimtangazia madaraja na mahandaki kwenye behewa nusu tupu, na mimi niliangalia dirishani. Kama alikuwa akimwambia mtu au kiti, siwezi kusema.

Saa nane Tuan alifika na kijana mmoja mwenye futi ya kupimia. Hakupanda hata ghorofa ya kwanza. Walipima upana wa mbele, wakapima upana wa nyuma kunakopita barabara, wakapiga picha za ngazi. A-kim alikuwa mlangoni kwake akisugua sahani iliyokuwa tayari safi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali. Halikuja, nikalijibu mwenyewe. "Bwana Tuan, humu ndani hajafa mtu. Muulize yeyote."

Akaniangalia bila kuelewa. "Mama, mimi nabomoa. Nataka kiwanja cha maegesho. Hata mngekuwa mmezika watu uani, ningewahamisha."

A-kim aliingia ndani akafunga mlango wa bati. Tangu siku hiyo tunasalimiana, basi. Chapati zake siku hizi anauza upande wa pili wa bandari, nami sivuki.

Nilitia saini, bei ileile, bila hata senti kupungua. Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Mwalimu alipata paa langu miaka minne kwa bei pungufu, na alitimiza mkataba mpaka neno la mwisho, jambo ambalo wapangaji wenye afya walinishinda kuwafundisha. Chumba nilichomnyima kilivunjwa miezi miwili baadaye, na kitu nilichokuwa nikikilinda kwa kumnyima hakikuwa na mnunuzi.

Daftari nilimtumia binti. Ndala nilizitupa kwenye lori la takataka, lilipopita na wimbo wake. Mashine ya kukausha hewa ninayo mimi, inajaza ndoo yake kila asubuhi, nami huimwaga. Treni za kwenda pwani ya mashariki hupita Sandiaoling, na ngisi wa kule bado ni nusu ya bei ya mjini, lakini mimi nawanunua hapahapa.